Tusinunue Kipya, Imeandikwa Kwenye Fulana Mpya

Ndugu msikilizaji, habari yenyewe umeshaisikia tangu Jumatatu, sina haja ya kuirudia. Tangazo la wiki ya kuchangia nguo umelisikia, waraka umezunguka kwenye simu mpaka umechakaa, na ule ugomvi wa kama ni haki kumdai mwanafunzi nguo tatu ndipo fomu yake ya kumaliza muhula igongwe muhuri, huo nao umeusikia. Chuo unakijua. Leo hatugombani juu ya nguo tatu. Kinachotukera sisi wa kituo hiki ni kitu kimoja, nacho ni fulana.

Ndiyo, fulana. Uliiona ile picha ya uzinduzi? Wakubwa wamejipanga mbele ya maboksi, kila mmoja kavaa fulana mpya, bado ina mikunjo ya pakiti, na kifuani imeandikwa kwa kijani kibichi kwamba tuvae tulivyo navyo, tusinunue kipya. Imeandikwa kwenye kipya! Watu wametoka, wakatafuta mchapaji, wakalipa, wakapokea mzigo wa nguo mpya, ili wawaambie wenzao kwamba nguo mpya zinaiharibu dunia.

Ninayo moja. Kijana wa jirani yangu anasoma pale, akaja nayo jioni: "Shikamoo mzee, nimekuletea zawadi." Nikasema marahaba, nikashukuru, maana zawadi haikataliwi. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi cherehani wangu, yule wa barazani pale karibu na kituo cha daladala, nikamwuliza hii ni nguo gani. Hakunijibu. Alivuta uzi mmoja kwenye pindo, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba ukiuchoma unanuka karatasi na unaacha jivu la kupukutika. Ule haukuacha jivu. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kipunje cheusi kigumu. Fundi alisubiri kipoe, akakigonga kwa ukucha juu ya meza ya cherehani. "Plastiki hii, mzee," akasema, akarudi kwenye suruali ya mteja wake.

Plastiki. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mama muuza nyanya akaambiwa atafute namna nyingine ya kumfungia mteja wake, akatafuta. Lakini plastiki ikishonwa mikono miwili na shingo, ikaandikwa neno "endelevu", inapigiwa makofi. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama pamba. Ukiifukia, wajukuu wataikuta.

Na si chuo peke yake. Wiki ya Maji, fulana. Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, fulana. Mei Mosi, fulana. Mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliielekeza siku yake ya kupinga taka, 30 Machi, kwenye mitindo na nguo, nami naogopa hata kuuliza zilichapishwa fulana ngapi. Uchaguzi ukifika ndiyo usiseme: fulana, kofia na kanga, na hapo angalau kanga mama ataifunga. Na kabla hujapiga simu studio, ndiyo, kituo hiki nacho kilichapisha fulana siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwake. Tumekosa. Tunasema leo kwa sababu tumekosa.

Sasa nisikilize kwa hili la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Wazee wenzangu mnakumbuka mtumba ulivyoitwa zamani: kafa Ulaya. Enzi za Mwalimu ulikuwa haramu kuuingiza. Tulikuwa na Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, tulikuwa na Mwatex Mwanza, tulikuwa na Mutex Musoma. Milango ya biashara ikalegezwa katikati ya miaka ya 1980, mtumba ukaingia, viwanda vikapumua kwa shida, vingine vikakata roho, ingawa mtumba peke yake haukuviua. Mashine kuukuu na uendeshaji mbovu navyo vilishika jembe kaburini. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakubaliana mtumba uondoke ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikakunja uso, wenzetu wa Kenya wakarudi nyuma, sisi na Uganda tukarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikanyang'anywa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Hayo tuliyasema sana hewani. Tulilalamika kwamba tumefanywa jalala la mabaki ya wenye nacho.

Lakini belo la mtumba linaanzia wapi, msikilizaji? Linaanzia kwenye boksi. Boksi la hisani, mlangoni mwa duka au pembeni mwa kanisa huko kwao, na mtu mwenye roho nzuri kabisa anatumbukiza gauni lililomchosha, anaondoka anajisikia mwepesi. Hajui linakwenda wapi, wala hajauliza. Boksi lile lile sasa liko kwenye ukumbi wa chuo chetu, na anayetumbukiza ni mtoto wetu, na hajauliza.

Niliwahi kutembelea kituo cha watoto yatima pembezoni mwa jiji, baada ya harambee ya namna hii. Mama mlezi alinifungulia stoo. Harufu ya nguo zilizokaa kwenye viroba bila kufuliwa ilitoka kabla yetu. Ndani kulikuwa na viatu vya visigino virefu, koti la suti lisilo na suruali yake, na juu kabisa gauni la sendofu, la dhahabu, lenye shanga. "Baba," akaniambia, "tuliomba sweta za shule. Hili nimvalishe nani?" Wala hakukasirika. Alilikunja vizuri, akalirudisha juu ya rundo. Mzigo ule ulikuwa umemgeuza mtunza taka, na picha ya kumkabidhi ilishapigwa, watu wakiwa wamevaa, naam, fulana.

Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, na hii ya kupewa bila kuulizwa haisitiri hata kidogo.

Kama chuo kinataka mwalimu wa mavazi endelevu, kipande daladala kiende Karume. Soko lile liliungua Januari 2022 na watu wakarudi kusimamisha meza zao. Nenda asubuhi belo linapokatwa kamba. Kabla chai haijapoa, nguo zimeshajitenga: hii kali, itundikwe, hii safi ila zipu imekufa, kwa fundi, hii imepauka, bei ya kutupa, hii haifai kuvalika, ikatwe matambara ya gereji. Kijana anayezichambua hana shahada ya mazingira. Ila kila nguo ameishika kwa mkono wake na kuiamulia safari yake, kwa sababu amelipia kilo. Chuo hakikulipia kilo, ndiyo maana kinajaza viroba. Na kiroba kisichochambuliwa kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, au kikikosa usafiri, kinaishia Mto Msimbazi, na mvua ikinyesha Jangwani ndipo tunajuliana hali.

Wahitaji wenyewe wako pale pale bwenini. Yuko mwanafunzi ambaye boom limechelewa na suruali ni moja. Wako wanaokwenda fildi mwezi Julai, Njombe na Makete, watoto wa Dar ambao hawajawahi kumiliki sweta, wanakwenda kukutana na baridi ya kuuma masikio. Wako wanaotakiwa ofisini na hawana shati la mikono mirefu. Na wako wanaomaliza mwaka wa tatu, wanaoacha makoti na mashati hayo hayo chini ya vitanda siku ya kufunga mabegi. Walio nazo na wanaozihitaji wanatenganishwa na korido! Hapo panahitajika meza, kamba ya kutundikia na saa mbili za Jumamosi. Muhuri wa nini?

Basi, viongozi wa wanafunzi, na ninyi mnaotusikiliza kwenye simu huko bwenini, tunawaambia kama watoto wetu. Ondoeni hilo sharti la muhuri. Nguo ya kulazimishwa huwa ni ile iliyochanika. Waiteni mafundi cherehani wawili waketi ukumbini, walipwe kwa fedha ile ile iliyokwenda kwa mchapaji. Zipu iwekwe, kiuno kipunguzwe, kifungo kirudi. Fueni, anikeni juani, pigeni pasi kabla nguo haijafika mkononi mwa mtu. Nguo za ndani msipokee. TBS ilishakataza zisiuzwe za mtumba, ninyi mnazigawaje bure? Mpigieni mama mlezi simu kabla, mwulizeni ana watoto wangapi na wa umri gani, mwandike. Na baada ya wiki kwisha bandikeni ubaoni: zimeingia ngapi, zimekwenda wapi, zimebaki ngapi. Tutakuja kusoma. Tutasoma hewani!

Na fulana msichapishe tena. Msichapishe, hata mfadhili akisema analipa yeye. Zile ambazo bado ziko kwenye pakiti mrudishieni mchapaji kama atazipokea. Asipozipokea sijui mtazifanyia nini, maana nilimwuliza fundi kama zinafaa angalau kuwa matambara. Alichovya yangu kwenye ndoo, akapangusia meza. Maji yalihama tu upande mmoja kwenda mwingine.