MITI MIDOGO YA MAUA: IPI IPANDWE NYUMBANI?
Hotuba kwa wenye bustani wa Suneka



Nchi ya Gusii imejaliwa rutuba na mvua. Tawi lichomekwalo ardhini leo huchipua baada ya majuma machache. Lakini baraka hiyo ina hatari yake, kwa kuwa mashamba ni madogo na watu ni wengi. Mti wa maua uliopandwa bila kuchunguzwa waweza kutwaa mahali pa mahindi na wimbi. Basi kabla ya kuleta aina mpya nyumbani, yampasa mwenye bustani aulize mambo matatu. Je, mti huu huenea wenyewe? Je, una sumu? Je, una faida gani zaidi ya uzuri wake?

Lantana ni fundisho la kwanza. Asili yake ni Amerika, nao ulipelekwa katika nchi nyingi kwa ajili ya maua yake na kwa kufanyia ua. Ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Ng'ombe akila majani yake, ini huharibika, na ngozi hufanya vidonda kwa jua. Huko Busoga, nchini Uganda, mashamba ya kahawa yaliyoachwa bila kulimwa katika miaka ya 1970 yalifunikwa na lantana. Mbung'o wakapata kivuli karibu na nyumba za watu, na ugonjwa wa malale ukazuka mwaka wa 1976. Hivyo pambo la bustani likawa maskani ya adui.

Tithonia ni fundisho la pili. Huo nao, ambao Wajaluo huuita maua makech, ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ukapandwa kwa ajili ya maua yake ya manjano. Baadaye watafiti katika magharibi ya Kenya waliona kuwa majani yake ni mbolea njema. Kilo 100 za majani makavu zina naitrojeni ipatayo kilo 3.5 na potasiamu ipatayo kilo 4. Mkulima hukata majani na vitawi laini, akavifukia shambani kabla ya kupanda mahindi, navyo huoza upesi. Majani mabichi ni mazito kuchukua, kwa hiyo ua ulio kando ya shamba ndio ufaao. Lakini ukatwe kabla ya kutoa mbegu, maana nao huenea.

Kwa mwenye kutaka rangi tu, bogenvilia na haibiskasi ni bora. Aina zake mpya hukuzwa kwa vipandikizi, kwa sababu mche wa mbegu mara nyingi haufanani na mama yake. Kipandikizi chenye urefu wa penseli hukatwa katika tawi lililokomaa, kikaondolewa majani ya chini, kikawekwa kivulini katika udongo usiotuamisha maji. Bogenvilia ina miiba. Isipandwe kando ya njia ya watoto. Oleanda ina sumu katika kila sehemu yake. Haifai kabisa penye watoto au mifugo.

Mwisho, mtu asilete kipandikizi kutoka nchi za nje mfukoni mwake. Sharti apate kwanza kibali cha KEPHIS, idara ya kukagua afya ya mimea, maana tawi moja laweza kuleta wadudu na maradhi yatakayodhuru mashamba ya jirani zake wote.