Kujifunza Kazi ya Kutia Alama za Matibabu kwa Intaneti: Manufaa Yake na Tahadhari Zake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wazungumzao Kiswahili waishio Ohio, Marekani, baada ya sala ya Adhuhuri)





Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya tena siku ya leo tukiwa wazima. Mada tuliyopewa ni ya riziki na elimu, nayo tumeipokea kwa unyenyekevu, kwani kabla ya kuwafundisha wengine yatupasa kwanza kukiri kosa letu wenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba miaka michache iliyopita palibandikwa karatasi karibu na mlango wa kuingilia akina mama. Karatasi hiyo ilitangaza masomo ya intaneti ya kazi ya hospitali, ikiahidi kwamba baada ya miezi mitatu mwanafunzi atapata ajira ya kufanya akiwa nyumbani. Karatasi ile tuliibandika sisi. Hatukuuliza shule ile inatambuliwa na nani, wala hatukumuuliza mtu yeyote aifanyaye kazi hiyo. Tuliona maneno mazuri tukayaamini.

Dada yetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akifanya kazi ya usiku ya kufunga mizigo ghalani, aliisoma karatasi hiyo. Yeye na mume wake walitoa akiba waliyoiweka kwa miezi kumi na minne. Alisoma kwa bidii, akamaliza, akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Alipokipeleka kwa waajiri, kila mmoja alimwuliza swali lile lile: umefanya mtihani wa chama gani? Hakuwa amefanya mtihani wa chama chochote, wala shule haikumwambia kwamba upo. Alirudi ghalani. Nasi tulipolijua jambo hilo tuliona haya mbele yake, na tungali tunaona haya. Hivyo basi, maneno yetu ya leo ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Ndugu wapenzi, kwanza tuieleze kazi yenyewe, kwani mtu hawezi kulinda asichokijua. Mgonjwa anapotibiwa hapa Marekani, daktari huandika maelezo ya ugonjwa aliouona na tiba aliyoitoa. Maelezo hayo hayapelekwi kwa bima jinsi yalivyo. Mtu maalumu huyasoma, kisha huyageuza kuwa alama za herufi na tarakimu, na kwa alama hizo bima hulipa au hukataa kulipa. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kutia alama.

Alama za magonjwa zina asili ya muda mrefu. Mwaka 1893, katika mkutano wa wanatakwimu uliofanyika Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali ziweze kulinganisha hesabu zao. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo likatoa orodha ya sita, ambayo haikuishia kwenye vifo bali ilihesabu na maradhi. Orodha ya kumi ndiyo Marekani iliyoifanyia marekebisho yake na kuanza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015. Siku hiyo alama za magonjwa ziliongezeka kutoka zipatazo 14,000 hadi karibu 70,000. Orodha ya kumi na moja ilianza rasmi duniani Januari 2022, lakini hospitali za hapa bado zinadai malipo kwa ile ya kumi. Pamoja na orodha hiyo ziko alama za huduma anazozitoa daktari, zilizotolewa kwanza na Chama cha Madaktari cha Marekani mwaka 1966 na kujulikana kwa kifupi kuwa CPT.

Tutoe mfano. Kisukari cha aina ya pili kisicho na madhara mengine huandikwa E11.9. Ikiwa kisukari hicho kimeleta maradhi sugu ya figo, alama ni E11.22, na tena huongezwa alama nyingine ya kuonyesha figo zimefikia daraja gani. Aliyevunjika mkono karibu na kifundo haitoshi kuandikiwa kwamba amevunjika. Sharti ionekane ni mkono wa kulia au wa kushoto, na kama amekuja kutibiwa jeraha lenyewe au amekuja kuangaliwa linavyopona. Hata malaria, ugonjwa tunaoufahamu sote tangu utotoni, ina alama zake kwa kila aina ya kijidudu: ile ya falsiparam huanzia B50, na ile ambayo aina yake haikutajwa ni B54.

Kutokana na mifano hiyo mtaona kwamba kazi hii haihitaji nguvu za mwili, bali inahitaji mtu anayesoma kwa utulivu, anayeujua mwili wa binadamu na maneno ya madaktari, na asiyekisia. Kanuni moja ya kazi ni kwamba jambo ambalo daktari hakuliandika, mtia alama hana ruhusa ya kulibuni. Akiona majibu ya maabara yanaashiria ugonjwa lakini daktari hakuutaja, wajibu wake ni kumwuliza daktari.

Sasa tuje kwenye masomo. Je, yaweza kusomwa kwa intaneti? Naam, yaweza, na wengi wamefanikiwa kwa njia hiyo. Ni neema kwa mama mwenye watoto wadogo na kwa kijana anayefanya kazi za zamu. Hata hivyo mambo manne sharti yafahamike kabla ya kutoa hata senti moja.

Jambo la kwanza, waajiri huangalia mtihani kuliko cheti cha shule. Vyama viwili ndivyo vinavyojulikana zaidi: AHIMA, ambacho asili yake ni mwaka 1928, na AAPC, kilichoanzishwa mwaka 1988. Mtihani wa AAPC uitwao CPC una maswali 100 kwa muda wa saa nne, na mtahiniwa hufaulu akipata 70 kwa mia. Vitabu vya alama vinaruhusiwa mezani, lakini asiyevizoea atamaliza saa zake akifunua kurasa. Hivyo basi, swali la kwanza la kuiuliza shule yoyote ni hili: masomo yenu yanatayarisha kwa mtihani upi? Ikiwa jibu ni la kuzungukazunguka, ondokeni.

Jambo la pili, kufaulu si mwisho wa safari. Anayefaulu CPC bila kuwa na uzoefu huongezewa herufi A katika cheo chake, maana yake ni mwanagenzi. Herufi hiyo hubaki, kwa kawaida, mpaka athibitishe uzoefu wa miaka miwili, ingawa mafunzo yanayokubaliwa na chama huweza kuhesabiwa badala ya mwaka mmoja. Waajiri wengi husita kumchukua mwanagenzi, na kazi za kufanyia nyumbani aghalabu hupewa waliokwisha kuzoea. Kwa sababu hiyo, anayeahidiwa kazi ya nyumbani baada ya miezi mitatu anadanganywa. Njia iliyowafaa wengi ni kuanza na dawati la kuandikisha wagonjwa, au ofisi ya madai ya bima, kisha kupanda taratibu.

Jambo la tatu ni gharama. Pamoja na ada ya masomo kuna uanachama, ada ya mtihani na vitabu, navyo vitabu hubadilika kila mwaka: alama za huduma mwezi Januari, na alama za magonjwa mwezi Oktoba. Shule nyingi za biashara humwambia mwanafunzi asihofu, atakopeshwa. Tunawasihi msikimbilie mikopo ya riba ilhali milango mingine haijagongwa. Vyuo vya umma vya jamii katika miji mingi hufundisha kazi hii kwa ada nafuu zaidi, na baadhi ya masomo hayo hufunguliwa msaada wa serikali usiorudishwa kwa wanaostahiki. Ofisi za ajira za umma nazo huweza kumlipia masomo anayetimiza masharti. Na maktaba za mitaa zina kompyuta na intaneti bila malipo.

Jambo la nne ni hali ya kazi yenyewe. Serikali ya Marekani ilihesabu kwamba mwezi Mei 2023 mshahara wa kati wa wahusika wa kumbukumbu za matibabu, ambao watia alama ni miongoni mwao, ulikuwa dola 48,780 kwa mwaka. Ni riziki njema, lakini anayeanza asitarajie kuanzia hapo. Tena, programu za kompyuta tayari zinapendekeza alama, na sehemu ya kazi hupelekwa India na Ufilipino. Mwanadamu anabaki kuwa msahihishaji na mkaguzi wa kazi ya mashine. Kwa hiyo, anayetaka kudumu asome kwa kina, asiishie kwenye kukariri. Na ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaotuandikia kuuliza kama waweza kuifanya kazi hii wakiwa huko, tunawajibu kwa uwazi: mtihani waweza kufanywa kwa intaneti, lakini waajiri wengi wa hapa huhitaji mtu anayeishi Marekani. Wasiuze shamba wala dhahabu ya mama kwa matumaini hayo.

Ndugu wapenzi, yote hayo ni ya dunia. Sasa tuseme lile linalogusa dini yetu moja kwa moja.

Dada yetu tuliyemtaja hakukata tamaa. Alifanya kazi mwaka mwingine, safari hii akasoma katika chuo cha umma, sehemu kubwa kwa intaneti, usiku watoto wakiisha kulala. Mtihani wa kwanza alipata 64 akaanguka. Wa pili alifaulu. Alianza kwenye dawati la kuandikisha wagonjwa, na baada ya muda akapewa kazi ya kutia alama katika ofisi moja ya madaktari. Tulifurahi tukadhani kisa kimekwisha.

Siku moja msimamizi wake alimwambia kwamba alama zake ziko chini mno. Kumwona mgonjwa aliyekuja kwa jambo dogo kuna alama yake, na kumwona mwenye mambo mazito kuna alama nyingine inayolipwa zaidi. Akatakiwa azipandishe zote daraja moja. Akaambiwa kwamba kila mtu hufanya hivyo, na kwamba anayelipa ni bima, si mgonjwa.

Alikuja kwetu kutaka ushauri, nasi tunakiri kwamba baadhi yetu tulinyamaza, maana tulijua kodi ya nyumba inamsubiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyetujibu. Alisema: "Mimi nilipunjwa na shule ile, nikaonja uchungu wake. Sasa nami niwapunje wengine?"

Ndugu zangu, dini yetu imewakemea vikali wapunjao vipimo. Zamani mpunjaji alikuwa na mizani sokoni. Leo mizani ni ile alama. Anayeandika tiba kubwa mahali pa tiba ndogo ametia kidole kwenye mizani. Sheria ya nchi hii nayo inalitambua kosa hilo. Sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali ilitungwa mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa ajili ya wafanyabiashara waliolilaghai jeshi. Leo inatumika kwa madai ya uongo ya matibabu yanayolipwa na serikali, na mkosaji aweza kutozwa mara tatu ya hasara pamoja na faini. Lakini Mwislamu hangoji sheria imkamate.

Vilevile iko amana ya siri. Mtia alama husoma maradhi ya watu, pengine ya jirani yake, pengine ya mtu anayeswali naye safu moja. Sheria ya mwaka 1996, iitwayo kwa kifupi HIPAA, inamkataza kuyafichua. Sisi tunakatazwa na jambo kubwa zaidi, yaani kusitiri aibu za wenzetu. Anayefanyia kazi hii nyumbani, mlango wake na ufungwe, na kompyuta yake isiwe ya watoto kuchezea.

Dada yetu alimwandikia msimamizi kwa adabu kwamba ataandika yale tu ambayo daktari ameyaandika. Miezi miwili baadaye aliacha kazi ile, na kwa majuma kadhaa nyumba yao ilipita katika dhiki. Baadhi yenu mlimpelekea unga na mafuta bila kujua kisa chake. Leo anafanya kazi hospitali nyingine, naye ametukubalia tuwasimulie habari zake bila kumtaja jina. Ameahidi kukaa na wanafunzi wapya kila Jumamosi, ila kwa sharti moja: kwamba tangazo lolote la masomo lisibandikwe tena mlangoni mpaka mtu anayeijua kazi husika alisome.

Sharti hilo tumelikubali, na tunaomba kila msikiti utakaosoma maneno haya ulikubali pia. Ubao wa matangazo wa nyumba ya Mungu nao ni amana. Mwenye kuiamini karatasi ile hakuwaamini waliochapisha, alituamini sisi.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awasamehe waliokosea kwa kutojua, na atuwezeshe kuzilinda amana kubwa na ndogo. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.