Kwa Nini Daktari Akate Kipande cha Uvimbe?

Leo tunajibu swali linalowasumbua wazazi wengi: mtoto amefura, kwa nini daktari akate kipande cha nyama badala ya kutoa dawa tu?

Hapa kwetu, hasa pwani na kando ya Ziwa Victoria ambako malaria ni nyingi, kuna saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Mara nyingi shavu hufura na meno hulegea, na watu husema ni jino bovu. Wengine hufura tumbo. Uvimbe huu hauna subira. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu.

Lakini tezi hufura pia kwa kifua kikuu, na kuna limfoma za aina nyingine. Kila moja ina dawa yake, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Ndiyo maana ya kile kipande.

Mtoto akichanjwa surua, mwili wake hutengeneza kingamwili zinazomjua adui huyo. Maabara nayo hutumia kingamwili zilizotengenezwa zishike protini moja maalum. Zikiikuta kwenye kipande, hushikamana nayo, na rangi, kwa kawaida ya kahawia, huonekana kwa hadubini.

Chukua protini iitwayo ALK. Kazi yake ni kuiamuru seli ikue na kugawanyika. Tezi yenye afya haina protini hii. Katika limfoma moja inayowapata watoto na vijana, jeni yake imekatika na kuungana na nyingine, basi amri hutolewa usiku na mchana bila kukoma. Kahawia ikionekana hapo, mtaalamu amepata ushahidi mkubwa. Kwa Burkitt hutumiwa kingamwili nyingine, zikiwemo za Ki-67, zinazoonyesha seli zinazogawanyika. Karibu seli zote za uvimbe hugeuka kahawia.

Sasa mama, sikiliza hapa. Ukipewa chupa upeleke maabara mwenyewe, ipeleke siku hiyo hiyo. Yale maji yaliyomo ni fomalini. Usiyamwage, usiongeze ya bomba. Kipande kikiharibika, kingamwili hazina cha kushika, na mtoto atakatwa tena.

Wako wanaosema kisu huuamsha uvimbe. Si kweli. Burkitt hukua hata usipoguswa, na hutibiwa hasa kwa dawa za saratani. Watoto wengi hupona wakianza mapema na kumaliza dawa zote.

Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza majibu yatatoka tarehe gani, na uache nambari ya simu inayopatikana, hata kama ni ya jirani. Siku hiyo ikipita kimya, rudi ukaulize. Mtoto akizidi kufura au akishindwa kula, usingoje tarehe.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya homa kwa watoto wachanga. Kwaherini.