Boliti Iliyolika Kichwa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na kikundi cha mashine ya kusaga)



Leo hatusomi silabi. Leo tunasoma boliti. Msicheke. Boliti ina maandishi, spana ina maandishi, na asiyeyasoma ndiye anayeharibu mashine ya watu wote. Mashine ya kusaga ikisimama, anayeumia kwanza ni mama. Atajitwika debe la mahindi mpaka kijiji cha pili, au atarudi kwenye kinu na mchi. Kwa hiyo neno hili ni letu sote, si la vijana peke yao.

Tuchukue boliti zinazoshika bomba la moshi kwenye injini ya dizeli. Hizi ni sugu sana. Kila siku zinapata moto, kisha zinapoa, unyevu unaingia, kutu inazikamata. Mtu anakuja kufungua. Anatia spana, anavuta, spana inateleza. Anavuta tena. Kichwa kilichokuwa na pembe sita sasa kimekuwa duara kama kitumbua. Hapo tunasema boliti imelika.

Je, imeliwa na kutu? Mara nyingi sivyo. Kutu imeifanya iwe ngumu tu. Aliyeila ni spana.

Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu za kichwa. Spana ya ringi na spana ya boksi huzunguka kichwa chote. Na boksi yenye pembe 6 ndani ni bora kuliko yenye pembe 12, kwa sababu hukaa kwenye ubapa wa kichwa, haisukumi pembe zake. Kisha someni namba. Spana ya 17 ni ya kichwa chenye upana wa milimita 17. Lakini mashine nyingi za zamani zilizotoka Uingereza zina vipimo vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Kijana anachukua spana ya 13, inaingia, anafurahi. Kumbe imebaki nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayokula pembe. Spana ikicheza, iacheni.

Haya, imeshalika. Tufanyeje?

Zimeni injini, ipoe. Msiendelee kuvuta kwa spana ile ile, maana kila ikiteleza chuma cha kushika kinapungua. Sugueni kutu kwa brashi ya waya. Changanyeni oili na mafuta ya taa, mtie pale boliti inapoingia, si juu ya kichwa. Halafu nendeni nyumbani. Ndiyo, nendeni! Mafuta hupenya polepole. Asubuhi ongezeni kidogo, kisha gongeni kichwa kwa nyundo ndogo, mkilenga katikati, mara kadhaa. Si kwa hasira. Tunataka mtikisiko uvunje kutu.

Najua watu wamepanga foleni na madebe yao, na mwenyekiti anauliza kila saa. Mwambieni asubiri. Katika kijiji kimoja kijana aliingiza bomba refu kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Boliti ilikatika, nusu ikabaki ndani ya injini. Ikabidi aitwe fundi kutoka mjini, mwenye keekee ya kutobolea chuma, na kikundi kikamlipa yeye na nauli yake. Kazi ya boliti moja!

Sasa chukueni tupa. Kama kichwa kilikuwa cha 17, kipigeni tupa pande mbili zinazotazamana mpaka spana ya 16 au 14 iingie kwa kubana. Pimeni kila mara, msile chuma kupita kiasi. Njia nyingine ni kuchukua boksi iliyo ndogo kidogo na kuipigilia kwa nyundo mpaka ikae. Kwa kichwa cha 13 kilicholika, boksi ya nusu inchi mara nyingi huuma vizuri.

Kabla ya kufungua, jaribuni kwanza kukaza kidogo sana. Ikijongea nukta moja tu, kutu imeachia. Kisha mgeuze kushoto. Tazameni uso wa kichwa chenyewe, hasa mkiwa mmelala chini ya mashine au gari, maana huko kushoto na kulia huchanganya watu. Ikitoka nusu mzunguko na kukaza tena, irudisheni ndani, mtie mafuta, mtoe tena.

Moto nao unasaidia. Chuma kikipata moto hutanuka. Pasheni moto chuma kinachoizunguka boliti, tundu lipanuke. Lakini hapa nasema kwa ukali: futeni kwanza mafuta yote mliyotia, ondoeni dizeli na matambara, na msikaribishe moto kwenye tangi wala mipira ya mafuta. Kama hamna nafasi ya kufanya hivyo, acheni moto kabisa.

Mwenye mashine ya kuchomea anaweza kuchomea nati mpya juu ya kichwa kilicholika. Nati inapata pembe mpya, na joto lake linalegeza kutu. Mimi naipenda njia hii kuliko tindo. Tindo likiteleza hupasua chuma cha injini, na kipande kikiruka hutafuta jicho.

Ikitoka, msiirudishe boliti ile. Nunueni nyingine, mwende nayo dukani mlinganishe nyuzi na urefu. Someni na namba ya kichwani. Kama imeandikwa 8.8, huo ni uimara wake. Msikubali iliyo chini ya hapo. Safisheni tundu, na boliti mpya iingizeni kwa vidole kwanza. Ikigoma kwa vidole, nyuzi zimepishana, itoeni muanze upya. Mkishakaza, washeni mashine ipate moto, izimeni, ipoe kabisa, halafu mjaribu tena kama bado imekaza.