Mukumu, Mugumo na Mkuyu: Jina la Mti Mmoja Katika Nchi Nyingi

Mtu asafiriye kutoka Kisumu kwenda Kakamega, akiisha kupita Chavakali, hufika Khayega, na jirani na hapo ndipo ilipo misheni ya Mukumu, iliyofunguliwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1906. Siku hizi jina la Mukumu lajulikana mbali kwa ajili ya kanisa, hospitali na shule. Lakini mtoto akiulizwa maana yake, mara nyingi hujibu ya kwamba ni jina la shule, na huishia hapo. Wazee wa Isukha na Idakho hawajibu hivyo. Kwao mukumu ni mti: mti mkubwa wa jamii ya mikuyu, wenye kivuli kipana na utomvu mweupe kama maziwa, ambao wazee wa kale walikaa chini yake wakikata mashauri.

Sasa na achukuliwe mzee wa Murang'a asiyejua hata neno moja la Kiluhya, aonyeshwe mti wa namna hiyo. Atauita mugumo. Mwenyeji atauita mukumu. Wawili hao watadhani kwamba kila mmoja ametaja jina la kwake, kumbe wametamka neno moja. Maana sauti ya g iliyomo katika lugha nyingi za Kibantu, vinywani mwa Waluhya wengi imekuwa k. Mgongo wa Mswahili kwao ni mukongo. Nayo k ya wengine imekuwa kh: kumi ni likhumi, na kuku ni ingokho. Kwa kanuni hiyo mugumo hauna budi kuwa mukumu, na mkuyu hauna budi kuwa mukhuyu. Na ndivyo miti hiyo inavyoitwa Kakamega hata leo. Neno lililoazimwa juzi sokoni haligeuki kwa utaratibu wa namna hii. Maneno haya yalirithiwa, kila kabila likapewa fungu lake na mababu, likaondoka nalo.

Wataalamu wa lugha wanaliweka neno kuyu katika ile lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kibantu. Kwa hiyo si ajabu kulikuta njia nzima. Katika Tanzania, barabara ya kwenda Ngorongoro huacha barabara kuu ya Arusha na Dodoma mahali paitwapo Makuyuni. Mjini Mwanza iko Mkuyuni. Katika wilaya ya Serengeti makao makuu ni mji wa Mugumu. Murang'a kwenyewe pana mji wa Makuyu. Hata Malawi jina hilo liko, ila huko lilipata sifa mbaya: Mikuyu ni gereza karibu na Zomba, ambamo mshairi Jack Mapanje alifungwa bila hukumu tangu mwaka 1987 hadi mwaka 1991. Mti wa kivuli na mashauri, jina lake likabandikwa juu ya kuta na pingu.

Lakini pote hapo jina limekaa juu ya mahali tu. Kwa Wakikuyu limekaa juu ya watu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mila za watu wake, aliandika jinsi Mungu alivyomwonyesha Gikuyu, baba wa kabila, mahali palipojaa mikuyu katikati ya nchi, akamwamuru ajenge hapo. Jina la baba huyo, na la kabila lake lote, limefungamana na mti huo.

Wasomaji wa Biblia nao wanao mkuyu wao. Zakayo, mtoza ushuru mfupi wa kimo, alipanda juu ya mkuyu ili amwone Yesu akipita. Mti ule wa Yeriko ni ule ule umeao kandokando ya mito ya Afrika ya Mashariki, na Wamisri wa zamani walichonga majeneza yao kwa mbao zake. Mfasiri hakuwa na haja ya kuhangaika kutafuta neno.

Hata hivyo yafaa mtu awe na hadhari. Mswahili akisikia Mugumu atadhani kwamba mji ule umeitwa kwa ugumu wake; kumbe mti wenyewe ni mwororo, wala si kuni za kusifiwa. Tena majina ya miti hayana mipaka kamili kama ya vitabu vya wataalamu. Mukhuyu wa kijiji kimoja huweza kuwa mti wa pili katika kijiji kingine, kwa kuwa mikuyu ni mingi na hufanana.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jina hudumu kuliko mti. Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, na humo mikuyu ingali ikiwalisha hondohondo na kima hata katika miezi ambayo miti mingine haina tunda. Nje ya msitu mambo ni mengine. Mashamba yamegawanywa vipande vidogo, na mti wenye kivuli cha robo ya shamba huonekana kuwa adui wa mahindi. Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia habari ya mugumo uliokuwa karibu na kwao katika nchi ya Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye mti ukakatwa, na kijito kilichokuwa kikibubujika hapo kikakauka.

Anayetaka kuurudisha mukumu mahali penye jina lake hana haja ya kitalu wala ya kununua mche. Tawi nene hukatwa mvua za masika zianzapo, likachimbiwa ardhini kama nguzo ya ua, mbali kidogo na nyumba kwa sababu ya mizizi, nalo hutoa majani lenyewe.