Habari ya Aliyejiua: Ukweli Peke Yake Hautoshi

  



Mara kwa mara magazeti yetu hutoka na vichwa vya habari kama "Ajiua kisa mapenzi". Chini yake huwekwa picha ya marehemu, njia aliyoitumia na uvumi wa majirani. Mwandishi akilaumiwa hujibu kuwa habari ni ya kweli. Sisi twauliza: je, ukweli peke yake watosha?

Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki habari, na sababu imetajwa humo humo: tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi habari hupimwa kwa mambo mawili, usahihi wake na madhara yake.

Kwa usahihi, wataalamu wa afya ya akili wanatufahamisha kuwa ni nadra mtu kujiua kwa sababu moja. Aghlabu hukutana sonona, maradhi, dhiki na upweke. Anayeandika "kisa mapenzi" amesema asilolijua.

Ama madhara, tuzingatie yaliyotokea Vienna, mji mkuu wa Austria. Katika miaka ya 1980 waliojiua kwenye reli ya chini ya ardhi ya mji huo waliongezeka, huku magazeti yakizikuza habari zao. Katikati ya mwaka 1987 wataalamu waliwapa waandishi muongozo, nao wakaufuata. Katika nusu ya pili ya mwaka huo, idadi ya waliojiua na waliojaribu kujiua katika reli hiyo ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa muongozo wake mwaka 2000, na kuuhuisha mwaka 2023. Muhtasari wake: njia isielezwe, habari isikuzwe, kujiua kusionyeshwe kuwa ni suluhisho, na msomaji aelekezwe penye msaada.

Wapo watakaosema: kujiua ni haramu, basi aumbuliwe iwe funzo. Naam, ni haramu, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa iko wazi. Lakini Imam Muslim amepokea habari za mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua, akakosa subira, akajidhuru mikono yake hadi akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohadithiwa ndoto ya Tufayl juu yake, aliomba hata mikono ile isamehewe. Ikiwa Mtume alimwombea dua, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumfedhehesha?

Isitoshe, huenda katika safu zetu za swala yumo mwenye fikra hizo. Akisikia maiti anatukanwa, ataificha dhiki yake.

Kwa hiyo, enyi waandishi na makhatibu, semeni kwa kiasi, na msitiri. Nawe msomaji, picha ya maiti ikifika katika simu yako, ifute, usiitume. Na uliye katika dhiki hiyo, mwambie leo mtu unayemwamini, kisha nenda hospitali. Mtume ametuamrisha kujitibu, na maradhi ya akili ni maradhi.

Tunamwomba Allah awarehemu waliotangulia, na awaponye wanaoumia kimya kimya. Amin.

Wabillahi tawfiq.