Usitupe Kipakatalishi cha Zamani: Kinaweza Kushika Wi-Fi
Hotuba ya afisa wa teknolojia kwa wakazi wa Karen

 

Siku hizi leseni za biashara, kodi ya ardhi na ushuru wa KRA hulipiwa mtandaoni. Asiye na kompyuta inayoshika intaneti nyumbani huenda saiba, na mara nyingine humwachia mtu asiyemjua nenosiri lake la eCitizen. Kwa hivyo, kabla ya kutupa kile kipakatalishi kilicho juu ya kabati, kagua mambo manne.

Kwanza, swichi. Mashine nyingi za zamani zina swichi ndogo ya Wi-Fi ubavuni, au kitufe chenye alama ya mnara kinachobonyezwa pamoja na Fn. Huenda imezimwa tu.

Pili, mawimbi. Nyingi hupokea 2.4 GHz pekee. Jina la mtandao wako lisipotokea, ingia kwenye ruta uwashe 2.4 GHz. Mawimbi haya hupenya kuta za mawe vizuri kuliko 5 GHz.

Tatu, usalama. Nenosiri sahihi likikataliwa, huenda ruta imewekwa WPA3 pekee, mfumo uliotangazwa 2018. Chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Usirudi kwenye WEP wala kuacha mtandao wazi kwa ajili ya mashine moja. WEP huvunjwa kwa dakika chache, na anayeingia huhatarisha simu na kompyuta zote za nyumba.

Nne, tarehe. Umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki? Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi na tovuti salama hukataliwa. Rekebisha tarehe, ikirudi tena nyuma, fundi abadilishe betri.

Yakishindikana hayo, tumia waya wa mtandao au kifaa kidogo cha Wi-Fi cha USB kinachokubaliana na mashine yako.

Tahadhari moja: Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014. Mashine kama hiyo isitumike kwa benki wala eCitizen. Mwombe fundi aiwekee Linux nyepesi.

Kisichofufuka kisichanganywe na taka za jikoni wala kuchomwa, kwa kuwa kina madini yenye sumu kama risasi. Kipelekeni kwa wanaochakata taka za kielektroniki.